Mlango wa Mgongoni

Araba Tandoh alifika uwanja wa ndege wa Edumakrom saa nne kamili asubuhi, na ndege yake ilikuwa ya saa saba na nusu mchana. Alivaa gauni lisilo na zipu wala kifungo wala lebo ya shingoni. Lebo aliikata mwenyewe kwa mkasi wa kucha, kisha akachomoa na nyuzi zilizobaki, kwa sababu lebo ya shingoni kwa Araba ni mtu anayekunong'oneza kutwa nzima. Viatu vyake vilikuwa vya kuvuliwa bila kuinama. Mkononi alishika orodha yenye mistari ishirini na miwili, na mistari sita alikuwa ameshaipiga alama.

Kazi yake ni fundi wa vinanda vya makanisani. Kutoka Elmina hadi Sekondi hakuna Mmethodisti asiyemjua, na akitega sikio kwenye bomba la kinanda anakwambia panya yuko upande gani. Ana usonji. Hilo nalo watu walilijua, na walilisema kama wanavyosema kwamba fulani ni mrefu: usimwite kwa nyuma, usimkumbatie kabla hujamuuliza, usimchanganyie wali na samaki, na usimuulize kama nguo yako mpya imekupendeza ikiwa hutaki kujua.

Safari yenyewe ilikuwa ya Banjul. Mdogo wake, Baaba, alijifungua mtoto wa kike huko Alhamisi iliyopita, na kesho alfajiri ndiyo siku ya nane, siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Kwetu siku hiyo mtoto hutiwa tone la maji ulimini, kisha tone la pombe, na anayemtia humwambia: ukisema maji, yawe maji, ukisema pombe, iwe pombe. Mtu huyo hachaguliwi ovyo, kwa sababu mtoto huchukua tabia yake. Wako watu wazima chungu nzima kwetu ambao hawaaminiki hata wakisema leo ni Jumatatu, na chanzo ni kwamba alichaguliwa mjomba fulani kwa kuwa alikuwa na gari.

Baaba hakutaka mwenye gari. Alimwambia mumewe, Ebo, "Namtaka dada yangu. Sijawahi kumsikia akisema kitu ambacho sicho."

"Na mchungaji je?" Ebo aliuliza.

"Mchungaji anasema mengi mno."

Basi ikawa Araba. Ndege ya Banjul huruka Jumatano na Jumamosi tu, na siku ya nane haisogezwi kwa ajili ya ndege. Jumapili iliyotangulia Araba alikwenda uwanjani bila safari yoyote, akakaa saa mbili akiitazama ile sehemu ya ukaguzi. Alijua nyayo mbili za manjano zilizochorwa sakafuni. Alijua rangi ya glavu. Alijua kwamba lango la mashine hulia noti ya muziki iliyo chini kidogo ya inavyopaswa, na alikuwa ameshajizoeza kuisikia bila kuumwa na meno. Kila kitu alikiandika kwenye orodha.

Kitu kimoja hakukiandika. Kiunoni alikuwa na nyuzi tatu za shanga, na kila uzi ulikuwa na shanga moja ya shaba. Bibi yake alimfunga za kwanza alipokuwa na siku nane, zikawa zinaongezwa kadiri alivyokua, na hazikuwahi kutoka. Mwanamke wa kwetu akiorodhesha alichovaa haandiki shanga za kiunoni, kama ambavyo haandiki kwamba ana kiuno.

Foleni ilijikokota, na zamu yake ilipofika ilikuwa imeshakaribia saa saba. Askari wa ukaguzi alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, mwenye kitambulisho kifuani kilichosomeka Perpetual Otchere. Alitoa vichupa viwili kwenye mkoba wa Araba, akavinyanyua kwenye mwanga.

"Hiki kina nini, sista?"

"Maji."

"Na hiki?"

"Pombe kali."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Nilivijaza mwenyewe, na vyote viwili ni vidogo kuliko kipimo mnachokataza."

Perpetual alivirudisha. Katika miaka yake tisa ya kazi hakuwahi kujibiwa kwa unyoofu namna hiyo, na alijisikia kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Araba akavua viatu, akapita kwenye lango. Lango likalia.

Araba akatoa kadi aliyoandikiwa na daktari, yenye maneno machache: mwenye kadi hii ana usonji, mwambie kabla ya kumgusa. Perpetual akaisoma yote, tena kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, sista. Mungu atakuponya."

"Siumwi."

"Amina," akasema Perpetual, akaiweka kadi kwenye trei pamoja na orodha na viatu, na trei ikaondoka na mkanda. "Simama kwenye nyayo. Panua mikono."

Araba akasimama kwenye nyayo, akapanua mikono. Perpetual akazunguka nyuma yake, na bila neno mkono ukatua kiunoni.

Hapo mlango ukatokea mgongoni pa Araba. Ulikuwa wa mbao ya odum, umeanzia mabegani ukaishia nyongani, wenye bawaba mbili za shaba na bila kitasa upande wa nje. Gauni lilijigawa pembeni kama pazia lililofungwa vizuri. Vidole vya Perpetual viligonga mbao.

"Bosi," akaita. "Mlango."

Msimamizi, bwana Bekoe, alikuja na kikombe chake cha chai. Hakuwa mtu mbaya huyu Bekoe. Alikuwa akilea watoto watatu wa dada yake, na kila Ijumaa aliwaletea wafanyakazi wote karanga za kukaanga. Aliutazama mlango juu na chini.

"Ni wa kuvuta au wa kusukuma?"

"Sijajua."

"Jaribu kusukuma."

Perpetual alisukuma. Araba alisogea hatua moja mbele, na mlango ukasogea naye. Wakamrudisha kwenye nyayo. Bekoe akasukuma kidogo kwa bega, mlango haukutikisika. Akauliza kama fundi seremala yupo kazini, akaambiwa yuko likizo hadi tarehe kumi. Wakati wote huo Araba alikuwa amepanua mikono, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani, kwa kuwa lango la ndege ya Banjul lilikuwa linafungwa baada ya dakika ishirini na sita.

Nyuma kwenye foleni alisimama mama mmoja mnene, Maame Serwaa, mfanyabiashara wa samaki wa kukausha, mwenye kapu lililofungwa kwa utepe wa gundi mizunguko isiyohesabika. Naye alikuwa wa Banjul, na miguu ilikuwa inamuuma.

"Nyie," akasema, "mmesema agoo?"

Kwetu hakuna anayeingia kwa mtu bila kusimama mlangoni na kuita agoo, akangoja mwenye nyumba ajibu amee. Hata mdai husema agoo. Hata mwizi wa zamani, wanasema, alikuwa akiisema kwa sauti ya chini ili asije akapata laana juu ya kifungo.

"Agoo haimo kwenye mwongozo," akasema Bekoe. "Ukaguzi ukitangazwa si ukaguzi tena, Maame. Mtu atajificha."

"Atajificha wapi, na amesimama hapo kama msalaba? Kwako mtu akiingia bila agoo unamfanya nini?"

"Kwangu ni kwangu."

"Na hapo unapopiga bega ni kwa nani?"

Foleni ikacheka. Bekoe akanywa chai. Perpetual akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, akainamia mlango.

"Agoo," akasema.

Kisha sauti ya Araba ikatoka ndani, ya kawaida kabisa. "Amee."

Komeo likavutwa na mlango ukafunguka. Perpetual akavua viatu vyake kwenye kizingiti, ingawa hakuna aliyemwambia, akaingia.

Ndani kulikuwa na chumba kidogo chenye sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki. Hakukuwa na taa inayovuma. Kulikuwa na stuli mbili za mti, dirisha moja, na rafu ambayo kila kitu juu yake kilikaa kwa kufuata ukubwa. Araba alikuwa ameketi kwenye stuli moja, kavaa gauni lile lile. Yule wa nje aliendelea kusimama kwenye nyayo na mikono imepanuliwa.

Alimkaribisha mgeni kiti. Akampa maji katika bilauri, Perpetual akanywa yote. Mgeni akishakunywa maji ndipo huulizwa, na Araba akauliza kama inavyotakiwa.

"Huko utokako?"

"Nitokako ni kwema," Perpetual akajibu. "Nimekuja kukupapasa kiuno."

Maneno hayo yakabaki pale katikati ya chumba. Perpetual aliwahi kupapasa viuno vya maelfu ya watu, lakini hakuwahi kuketi mbele ya mtu, akanywa maji yake, kisha akamwambia hivyo. Akaona aibu, na aibu yenyewe ilimshika masikioni.

"Ni shanga," akasema Araba. "Nyuzi tatu. Kila uzi una moja ya shaba, na hizo ndizo zinazolia. Bibi alinifunga. Hazijaonwa na mtu ila yeye na mama."

"Mimi ninazo tano," akasema Perpetual.

"Mashine haikulilii?"

"Wafanyakazi tunapita mlango wa kule."

Araba akalifikiria hilo, akaona ni jibu la kweli. Perpetual akatega sikio. "Kelele za uwanja ziko wapi?"

"Zimebaki nje."

"Naweza kukaa kidogo?"

"Dakika mbili. Nina ndege."

Akakaa dakika mbili. Alipotoka alivaa viatu vyake taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala mchana akaamka mwenyewe.

"Ni shanga, bosi."

"Umezigusa?"

"Nimeambiwa."

"Umeambiwa." Bekoe akaweka kikombe chini. "Na ungeambiwa ni bomu, ungeandika bomu?"

"Angekuwa nalo angesema, bosi. Huyu ukimuuliza anasema."

"Perpetual. Kwenye fomu kuna sehemu ya kutia alama panapoandikwa *kwa mkono*. Hakuna panapoandikwa *kwa maji na mazungumzo*. Rudia."

Maame Serwaa akasema kwamba ametembea nchi saba na samaki wake na hajaona upuuzi wa aina hii, akaambiwa anyamaze la sivyo kapu lake litafunguliwa. Akanyamaza, maana lile kapu lilimchukua asubuhi nzima kulifunga.

Araba, aliye nje, akazungumza kwa mara ya kwanza tangu asimame kwenye nyayo. "Naomba mniambie mtagusa wapi kabla ya kugusa. Sehemu moja moja. Nitavumilia."

"Sista, hatuna muda wa kutangaza kila kiungo," akasema Bekoe kwa upole. "Ndege yako inakusubiri." Na kweli, juu ya vichwa vyao sauti ikaita abiria wa Banjul kwa mara ya mwisho.

Basi Araba akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye orodha. Aliingia ndani kwake mzima mzima, akavuta mlango, akatia komeo, akauacha mwili na wenyewe wanaoutaka. Alikaa kwenye stuli akatazama rafu. Mikono ilisikika kwa mbali kama mvua kwenye bati la jirani: kiunoni, chini ya titi, kwenye mapaja, tena kiunoni. Walizihesabu shanga kwa kidole juu ya kitambaa, kisha chini ya kitambaa. Zile za shaba walizigeuza. Perpetual alifanya kazi hiyo huku amejiuma mdomo, lakini aliifanya. Kwenye fomu Bekoe akaandika: abiria alitoa ushirikiano.

Mwili ukavaa viatu, ukachukua vilivyokuwa kwenye trei, ukawahi ndege dakika tatu kabla ya lango kufungwa. Ndani, Araba alijaribu komeo likakataa. Alilivuta kwa mikono miwili ndege ilipokuwa juu ya Freetown, likakataa. Akarudi kwenye stuli.

Banjul, Baaba alimpokea bila kumkumbatia, akasimama umbali wa mkono mmoja kama walivyozoea tangu utotoni.

"Karibu, dada. Nikushike mkono?"

"Nimefika salama, asante," ukasema mwili.

Baaba akamtazama vizuri. Akazunguka nyuma, akauona mlango. "Wamemgusa," akamwambia mumewe, na hakuongeza neno hadi nyumbani. Jioni walipika wali wa Kigambia, samaki na mboga ndani ya sufuria moja, na kwa Araba wakaweka sahani yenye kila kitu mbali mbali. Mwili ulivuta sahani ya Ebo, ukala wali uliochanganywa hadi ukamaliza, ukashukuru. Hapo hata Ebo akaelewa.

"Hayumo," akasema.

"Yumo. Amejifungia."

"Baaba, kesho alfajiri ndiyo siku. Maji akitiwa na mtu asiyekuwemo, mtoto atakuwa mtu wa namna gani? Tumpigie mchungaji."

"Kesho haijafika," akasema Baaba, lakini aliogopa. Alimtaka dada yake na si mwingine, na hakujua afanye nini kama mlango usingefunguka.

Alfajiri wageni walikuwa wameketi uani kwenye viti vya plastiki, maji na pombe viko mezani katika vichupa vile vile viwili. Araba aliketi mbele. Baaba akaweka kiti nyuma ya dada yake, akaketi na mtoto mapajani, akainama.

"Agoo."

Hakusukuma, hakugonga. Akangoja, akasema tena, agoo. Wageni walikohoa kidogo na kutazama mashariki, ambako mbingu ilikuwa inaanza kupauka. Ebo alikuwa na simu mkononi, na namba ya mchungaji iko tayari. Baaba akavuta pumzi ili aite mara ya tatu, na kabla hajaita mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, lakini noti yake ilikuwa safi kabisa, si juu wala si chini. Kule ndani fundi wa vinanda akainua kichwa.

"Amee," akasema.

Komeo likavutwa. Araba akatoka akapepesa macho, akauliza kwa nini mdomo wake una ladha ya wali na samaki pamoja, na Baaba akalia machozi ya furaha mbele za watu. Kisha Araba akamchukua mtoto, kwanza akimwambia kwamba anamchukua. Akachovya kidole.

"Ukisema maji, yawe maji," akamwambia. Mtoto akalamba. "Ukisema pombe, iwe pombe." Mtoto akakunja uso, wageni wakapiga makofi. Alizaliwa Alhamisi, basi wakamwita Aba. Araba akatoa shanga moja ya shaba kwenye uzi wake mwenyewe, ikatungwa na nyeupe ndogo ndogo, mtoto akafungwa kiunoni.

Asubuhi hiyo hiyo, wakimwogesha, waliukuta mgongoni pake: mlango wa odum, ukubwa wa kiberiti, na bawaba zake mbili.

"Amechukua kweli," akasema Ebo, na akafurahi, akaenda kuwagawia wageni vinywaji. Tangu hapo kila anayemwogesha alisema agoo kwanza, na mtoto akijibu kwa kuguna, wanaendelea. Asipojibu, wanamwacha na uchafu wake hadi baadaye. Alikuwa mtoto mtulivu kuliko wote mtaani.

Mwezi uliofuata Baaba alimleta Elmina ili bibi yake amwone. Walipokuwa wanarudi Banjul, Araba alisafiri nao, kwa kuwa kanisa moja kule lilikuwa na kinanda kinachokohoa. Safari hii orodha yake ilikuwa na mistari ishirini na mitatu.

Uwanja wa Edumakrom ulikuwa umeweka bango jipya, lenye herufi kubwa na picha: *Abiria mnaombwa kuvua mikanda, kutoa kompyuta, na kufungua milango yenu kabla ya kufika kwenye mashine.* Bekoe alilisimamia mwenyewe, na alijivunia. Araba alifungua mlango wake kama bango linavyosema. Mkono ukaja kwa nyuma bila neno, ukaingia, ukapapasa rafu, ukatoka. Hakuna foleni iliyosimama. Araba aliizuia pumzi hadi mwisho na hakujifungia, kwa sababu nyuma yake alikuwa Baaba na mtoto.

Baaba akapita lango peke yake, nalo halikulia. Kisha akapewa mtoto apite naye, na lango likalia.

"Ni shanga," akasema Araba. "Uzi mmoja, na shaba moja. Niliitoa kwangu."

"Tunajua, sista," akasema Bekoe, naye alijua kweli. Akatazama saa, kisha fomu, kisha Perpetual.

Perpetual alikuwa amevaa glavu tayari. Alimtazama mtoto begani kwa mama yake, kigauni kimefunguka nyuma, na kile kimlango kimeegeshwa tu, kama walivyoegeshewa wageni wote waliokwisha kukifikia. Akamtazama Araba. Midomo yake ikajiweka namna ya kusema agoo, na pengine angeisema, lakini Bekoe alikuwa amesimama pale pale, na mkono wenye glavu ulikuwa umeshatangulia.

Aba hakulia. Mashine zilivuma, matrei yaligongana, mama mmoja alikuwa akibishana juu ya kapu. Katikati ya hayo yote Araba aliisikia peke yake, noti safi kabisa, si juu wala si chini: kikomeo kidogo kikitiwa kwa ndani.